Wimbo Nilioupeleka Uwanjani

Nianze na sauti yangu, maana ndiyo iliyonipeleka pabaya. Mungu alinipa sauti kubwa na kichwa kigumu, na vyote viwili alinipa bila kipimo. Katika kwaya ya akina mama pale Baraka, kiongozi wetu alikuwa akinipanga mstari wa nyuma, pembeni kabisa, karibu na dirisha, ili nusu ya sauti yangu itoke nje. "Punguza, mama, punguza," alisema kila mara, na wenzangu wakacheka. Nilicheka pamoja nao, lakini moyoni nilikuwa nawaka. Nilijua hakuna hata mmoja kati yao aliyeweza kupanda pale nilipopanda mimi, na nilijua kwamba wanajua. Kila Jumapili wahubiri wetu walituonya juu ya pombe, uganga na waume za watu, nami nilikaa pale nikijiona salama salimini, kwa sababu sikuwa na hamu na chochote kati ya hivyo. Juu ya hamu ya kusikilizwa hakuna aliyetuonya, au kama walituonya, siku hiyo nilikuwa najisikiliza mwenyewe.

Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja. Mume wangu alivua samaki ziwani, upande wa Ubwari, na alikaa huko wiki tatu, wakati mwingine nne, kwa hiyo mimi nilibaki kwenye kiwanja cha mama yangu. Mama alikuwa mtu wa Lubondja. Aliteremkia Baraka baada ya miaka ya vita, ile miaka tuliyowakimbia askari wa serikali na kuishi msituni tukila mizizi. Nilikuwa mtoto, ila nakumbuka kikohozi cha mdogo wangu wa kiume, na jinsi mama alivyokuwa akimziba mdomo kwa kiganja ili askari wasisikie. Alifia huko. Mama alimzika kwa mikono, kando ya mto ambao hakujua jina lake, na tulipotoka salama alitunga wimbo. Haukuwa mrefu. "Aliyenitoa msituni ni Yesu, aliyenivusha mto ni Yesu, sina mwingine wa kumwita." Watu wa kanisa letu waliupenda, na ukawa wimbo tulioimba tukienda kwenye Meza ya Bwana, pale mashemasi wanapopitisha vipande vya mkate na kikombe cha maji ya tunda la marakuja badala ya divai. Mama hakuuimba na wengine. Sisi tuliuimba, yeye akainamisha kichwa.

Sasa nieleze uwanja. Nchi yetu miaka ile iliitwa Zaire, na chama kilikuwa kimoja tu. Hukuombwa kujiunga, ulizaliwa ndani yake. Majina yetu ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku, tukawa tunaitana kwa hayo kanisani tu, tena kwa sauti ya chini. Jumamosi asubuhi ilikuwa salongo, kazi ya bure ya kufyeka barabara na kufagia soko, na baada ya salongo ilikuja animasyon: wanawake kupangwa mistari mbele ya bendera, kuimba na kucheza kumsifu Rais. Kanisa lilifumba macho. Kila mtu alijua kwamba watu wanaenda kwa nguvu, na mchungaji wetu hakuwahi kumweka mtu kando kwa sababu alicheza animasyon. Angemweka kando nani, akabaki na nani?

Mimi nilienda kama wengine wote. Tofauti ni kwamba kule uwanjani hakuna aliyeniambia nipunguze. Mkuu wa animasyon alikuwa kijana aliyetumwa kutoka Uvira, mwembamba, mwenye abakosti moja ya buluu, suti ya chama isiyo na tai, aliyoifua usiku na kuivaa asubuhi. Siku ya pili tu alinitoa mstari wa nyuma akaniweka mbele. "We mama sitwayen, uko na sauti ya kuita bantu," aliniambia, maana chama kilitaka kila mtu aitwe sitwayen, mwananchi. Nilirudi nyumbani nikiwa na kizunguzungu cha furaha. Nilipata kikwembe, kitenge kipya chenye picha ya Rais, na kwa jinsi nilivyokifunga, uso wake ulikuwa unakaa pale ninapokalia, jambo ambalo peke yake lingetosha kunifungisha kama mtu angeamua kuliangalia vibaya. Mama alikiangalia kikwembe kile, akaingia ndani.

Kisha ikaja habari kwamba mtu mkubwa anakuja kutoka Bukavu. Mkuu wa animasyon alitukusanya wanawake kumi katika darasa moja la shule. Alikuwa na wasiwasi, jasho likimtoka kwenye paji la uso, kwa sababu mgeni asipofurahi ni yeye ambaye angefukuzwa kazi.

"Bamama, mi naomba wimbo mupya," alisema. "Wa hapa kwetu. Hizi za kila siku, kule Bukavu banazisikia mpaka banachoka."

Mmoja wetu alikohoa. Kijana akasema, "Basi, kama hamuna, tutaimba zile zile, Mungu atasaidia." Akachukua kofia yake, akaenda mlangoni.

Niandike jambo hili wazi hapa, kwa sababu kwa miaka mingi nililisema vingine. Alikuwa amekwisha kufika mlangoni. Hakuna aliyeniuliza mimi, hakuna aliyenitazama. Mimi ndiye niliyemwita. "Mi niko na moja," nikasema, na papo hapo nikaimba wimbo wa mama, na kila palipokuwa na jina la Yesu nikaweka jina la Rais. Uliingia bila shida yoyote. Aliyenitoa msituni, aliyenivusha mto, sina mwingine wa kumwita. Redio ilikuwa ikituambia kila siku kwamba Rais ndiye aliyemaliza vita na kuleta amani, kwa hiyo maneno yalikaa kama yalitungwa kwa ajili hiyo. Yule kijana alirudi kutoka mlangoni akiwa anacheka kwa furaha. Wale wanawake tisa, ambao saba kati yao walikuwa wa kanisa letu, waliangalia chini. Niliwaona wakiangalia chini. Niliendelea mpaka ubeti wa mwisho.

Siku ya mgeni watu wote waliitwa uwanjani, na mama naye. Walikuwa wameleta kipaza sauti kutoka Fizi. Nilisimama mbele nikaimba, na nitasema ukweli wote: sijawahi kuimba vizuri namna ile kabla wala baadaye. Sauti ilienda mpaka kwenye mitumbwi. Mgeni alisimama, akapiga makofi, akaomba turudie. Kati ya mara ya kwanza na ya pili niliona mama yangu, katikati ya wanawake wa soko, akikaa chini mchangani kama mtu aliyekatwa miguu. Wenzake walifikiri ni jua, wakampepea na kitambaa. Nilimwona, na nikarudia.

Mama hakuzungumza nami wiki nzima. Aliweka bugali mbele yangu, akaondoka. Ijumaa alienda mwenyewe kwa mchungaji akanishtaki, na Jumapili nilikuwa nimekwisha kuwekwa kando, maana kucheza animasyon ni kitu kimoja, na kuliondoa jina la Yesu ni kingine.

Kwetu kuwekwa kando si maneno tu. Unakaa benchi la mwisho karibu na mlango, huimbi kwaya, hukaribii Meza ya Bwana, na watu wakitoka hawakupi mkono wala hawakuambii "Bwana asifiwe". Unakaa hivyo mpaka siku ya toba, Ijumaa kabla ya Meza. Siku hiyo unasimama mbele ya watu wote na kuitaja dhambi yako kwa jina lake. Si kusema "nimekosa mbele za Mungu" na kukaa. Unaitaja. Watu wakiridhika wanainua mikono, na mchungaji anakuja mpaka benchi la mwisho, anakushika mkono na kukupeleka kwenye nafasi yako ya zamani. Nilikuwa nimeona watu wazima wakilia kama watoto katika hatua zile chache.

Siku mbili kabla ya toba yangu mchungaji aliniita nyuma ya kanisa, pale walipokuwa wakifyatua matofali. Alikuwa mtu mpole, baba wa watoto wengi, na alikuwa amekwisha kulala kasho, mahabusu ya Fizi, mara moja kwa sababu ya kubatiza mtoto kwa jina lililokatazwa. Aliongea huku akiangalia matofali.

"Mama, kuko neno. Mu kanisa yetu kuko masikio mingi. Kama unasimama na unasema kumuimbia Rais ni zambi, batanikamata mimi wa kwanza. Nyuma yangu ni wewe."

"Sasa nifanye namna gani, pasta?"

"Sema ulikunywaka kasiksi."

Nilicheka. Kasiksi, pombe ya ndizi, mimi hata harufu yake inanitapisha. Yeye hakucheka. "Ni zambi ndogo," alisema. "Bantu batasamehe mbio mbio. Mungu anajua ile ingine."

Simhukumu. Nilimkasirikia wakati ule, na hasira ile ilinipendeza sana kwa sababu ilinifanya nijione bora kuliko yeye. Lakini chini ya hasira nilikuwa nimepumua. Ilikuwa rahisi mno kusema kwamba nimelewa kuliko kusema kile nilichokifanya na jinsi kilivyonifurahisha.

Ijumaa nikasimama. "Nilikunywa kasiksi," nikasema. Mwanamke mmoja alisema "Hee!" kwa nguvu, na vijana kwenye benchi la pembeni waliuma midomo wasicheke. Mikono ikainuka. Walijua wote. Hakuna mtu Baraka aliyekuwa hajasikia ule wimbo kwenye kipaza sauti, na hakuna aliyeamini kasiksi, lakini mikono iliinuka kwa sababu watu walikuwa na huruma na walikuwa na hofu. Wa mama yangu haukuinuka. Mchungaji alinishika mkono kunipeleka kwenye nafasi yangu, na mkono wake ulikuwa umelowa jasho kuliko wangu.

Jumapili, kikombe kilipomfikia mama, alitikisa kichwa. Kukiacha kikombe kipite ni kusema mbele ya watu kwamba kuna jambo. Kisha aliinuka kutoka kwenye benchi la akina mama wazee, mahali alipokaa tangu tuteremke kutoka Lubondja, akaenda kukaa benchi la mwisho. Hakuna aliyemtuma. Jumapili iliyofuata akakaa huko tena, na ile iliyofuata. Watu walianza kuulizana kama yule mzee naye anakunywa. Wengine walisema bila shaka ndiye aliyenifundisha kunywa, maana mtoto huiga nyumbani. Mama alisikia yote hayo, akaendelea kukaa huko. Mimi nilishindwa kulala, nikashindwa kula, nikamwona mchawi kila aliyemtania.

Mwisho nilimfuata mtoni alipokuwa akiitoa mihogo aliyoiloweka. Nilichuchumaa kando yake nikaanza kumenya. Tulimenya kwa muda mrefu. Maganda yaliyolowa yanatoka bila kisu, unayavuta tu, na kazi ile haikupi sababu ya kuangalia juu.

"Nani alikuambia ukamate ule wimbo?" aliuliza.

Hilo ndilo swali pekee aliloniuliza. Kama angenipiga, nadhani ningesema ukweli. Lakini aliuliza kwa upole, na katika upole wake niliona mlango.

"Ni yule wa animasyon," nikasema. "Alinilazimisha, mama. Alisema nikikataa batanifunga. Alisema batamufunga na mume yangu."

Sikuwa nimepanga la mume wangu. Lilikuja lenyewe, likanisaidia kulia. Mama aliacha mihogo, akanishika kichwa kwa mikono yake miwili iliyolowa, inayonuka uchachu, akaniweka kifuani. "Mutoto yangu," alisema. "Kumbe banakutesa, na mimi naye nakutesa." Kisha mama yangu, palepale mtoni, aliniomba msamaha. Aliniomba nimsamehe kwa ajili ya bugali aliyokuwa akiniwekea bila neno. Nami nikamsamehe. Nilisema, "Iko sawa, mama, nimekusamehe." Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu, na mpaka leo nikiyakumbuka nataka kujificha.

Jumapili alirudi kwenye nafasi yake akanywa kikombe, nami nikanywa. Yale maonyo ya mtume juu ya kula na kunywa isivyostahili nilikuwa nayajua tangu mafundisho ya ubatizo. Nilisubiri niugue. Sikuugua. Nilizaa watoto watatu, wote wazima.

Nilijilinda, hilo siwezi kunyimwa. Nilisingizia ugonjwa wa koo nikaachiwa nisiongoze animasyon. Nilikirudisha kile kikwembe. Siku za salongo nilichukua sehemu ya mbali kabisa na uwanja, kule kwenye mitaro inayonuka, na kanisani nikaimba kwa sauti ndogo hivi kwamba kiongozi wa kwaya akaanza kuniambia niongeze. Watu walinisifu kwa unyenyekevu. Nilikuwa nimeulinda mdomo wangu usiimbe, na uongo ulikuwa umekwisha kutoka kwa mdomo huo huo na kukaa kwa mama.

Kwa maana mama alikuwa amepata mtu wa kumchukia. Yule kijana wa animasyon alipoteza kazi baada ya miaka michache, akaletwa mwingine aliyekuwa na ndugu ofisini. Hakurudi Uvira. Alikuwa ameoa binti wa Baraka, akabaki, akawa anachukua ndagala, dagaa wa ziwani, huko Kazimia na kumpa mke wake auze sokoni, akiwa na abakosti yake ile ile, buluu imekwisha kuwa rangi ya majivu. Mama hakununua kwao hata siku moja. Akimwona anakuja, alivuka barabara. Yule bwana alikuwa na adabu, akimwamkia kwa mbali, "Jambo, mama," na mama aliangalia ziwa. Katika maombi ya akina mama ya siku ya Jumatano alikuwa akiomba, bila kutaja jina, kwamba Mungu amwangalie yule mtu aliyemnyang'anya mtoto wake wa msituni, ndivyo alivyouona wimbo ule, na kumtesa huyu aliyebaki. Wanawake wote walisema "amina" bila kujua ni nani. Na mimi nilikuwepo. Nilisema amina.

Mara nyingi nilitaka kumwambia. Nilijiambia kwamba nitamwambia baada ya mavuno, baada ya kuzaa, baada ya mume wangu kurudi. Halafu nilijiambia kwamba mama amezeeka, nisimvunje moyo. Uongo ukizeeka unajifanya huruma, na mimi niliuamini.

Yule bwana aliugua. Miguu ilivimba, kifua kikabana. Kanisa letu lina desturi ya akina mama kuzunguka kwa wagonjwa wa mtaa wakipeleka kuni na maji, awe mshirika au asiwe. Zamu ya mama ilipofika, alikataa. Yule bwana akafa, wakati wa mvua, na mama hakwenda kwenye matanga.

Kwetu huwezi kukosa matanga ya jirani. Hata mtu mliyegombana naye, unaenda, unakaa kwenye mkeka saa moja, unaweka unga wako, unarudi. Asiyeenda watu wanamuulizia. Siku ya tatu maneno yalikuwa yamefika kila mahali: yule mzee wa Lubondja, aliyekataa kumsalimia marehemu miaka yote, aliyekuwa akimwangalia vibaya, aliyekataa kumpelekea hata maji. Walisema amemla kwa uchawi. Wajomba wa mjane walipita mbele ya kiwanja chetu mara mbili, wakasimama, wakaangalia nyumba. Mwaka ule ule, katika kijiji kimoja cha pwani, mwanamke mzee alikuwa amechomewa nyumba kwa maneno kama hayo.

Nilimkuta mama mchana, amekaa kwenye mkeka anachagua maharagwe. Nilikuwa nimepanga utangulizi mrefu. Sikuutumia.

"Mama, yule bwana hakunilazimisha."

Aliendelea kuchagua.

"Ule wimbo, ni mi mwenyewe nilimupatia. Hakuniomba mimi. Alikuwa ameisha kufika ku mulango, anaenda. Ni mi nilimuita."

Mikono ikasimama. "Juu ya nini?" aliuliza.

"Nilitaka banisikie."

Nilingoja anipige. Nilingoja alie. Aliyakusanya maharagwe mabovu, akayatupa nje kwa kuku, akarudi akakaa. Alipoongea, hakuongea juu ya wimbo, wala juu ya mtoto wa msituni, wala juu yangu.

"Miaka yote hii," alisema, "nilikunywa kikombe ya Bwana na chuki ya muntu asiye na kosa. Alikuwa ananiita jambo mama. Sikumuitikia." Akafunga kitambaa chake cha kichwa. "Vaa. Tunaenda kwake."

"Mama, bale bajomba—"

"Vaa."

Tulienda kwa miguu, yeye mbele. Kwenye kiwanja cha matanga watu waligeuka tulipoingia. Wajomba waliinuka. Mama alipita katikati yao kama hawapo, akafika kwa mjane aliyekaa kwenye mkeka, akapiga magoti. Ilimchukua muda kupiga magoti. Akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia kwamba amemchukia mume wake bure miaka mingi, kwamba hakumsalimia, hakumpelekea maji, hakumlilia, na kwamba anaomba msamaha kwa Mungu na kwake.

Mjane alimtazama akiwa haelewi. "Mi nilizania macho yako ndiyo yameharibika, mama," alisema. "Marehemu alikuwa anasema, yule mama haoni muzuri, tuendelee kumusalimia tu."

Mama akalia, hapo ndipo akalia. Mjane akamshika, na nadhani watu waliona kwamba mchawi halii hivyo, kwa sababu wajomba walikaa. Kisha mjane aliniangalia mimi. Nikajua kwamba zamu yangu imefika, na kwamba hapa hakuna mchungaji wa kunipa kasiksi. Nikaeleza mbele ya matanga yote: wimbo ulikuwa wa nani, nani aliutoa, nani alidanganya mtoni. Watu wa chama walikuwepo. Nilisema kwamba ile ilikuwa dhambi na nikaitaja kwa jina lake. Niliitwa ofisini baadaye, nikalala kasho siku nne, na hilo si kitu.

Mjane alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuonekana na hasira. Alionekana kama mtu anayekumbuka kitu kizuri.

"Ule wimbo," alisema. "Alikuwa anaupenda mingi. Hakuwa mutu wa kanisa, hakujua nyimbo zenu. Ile tu ndiyo alijua. Mu ugonjwa alikuwa anaimba ile. Hata siku ya mwisho, pumzi haiko, anaimba ile, sina mwingine wa kumwita."

Nilitaka kunyamaza lakini nikauliza. "Alikuwa anataja jina gani?"

"Jina gani?" alishangaa. "Ya Rais. Kuko jina ingine?"

Mama alinishika mkono kwa nguvu, sijui kunizuia au kujizuia. Hatukumjibu yule mjane siku ile. Tulimjibu baadaye, polepole, na sasa anakaa kanisani benchi la mbele. Mimi nilikaa benchi la mwisho miezi sita kwa hiari yangu, nikasimama siku ya toba nikasema yote, na mchungaji, akiwa amezeeka, alisimama baada yangu akataja kasiksi aliyonipa. Mikono ikainuka. Wa mama pia uliinuka. Nimesamehewa, naamini, na nikienda mezani naenda bila kuinamisha uso.

Lakini kulikuwa na mtu aliyelala katika nyumba ile, pumzi zinamwishia, anatafuta wa kumwita, na jina alilokuwa nalo ni lile nililompa mimi pale mlangoni. Kwa Mungu nimetubu, na kwa mama, na kwa kanisa, na kwa mjane. Kwake yeye sijapata pa kutubia.